Kobe kwa Siku Moja na Marafiki: Mwongozo Kamili wa Kushuka kutoka Mlimani hadi Bandarini

Makundi mengi yanayotoka Osaka kwenda Kobe hukimbilia bandarini kwanza. Watu wanashuka treni saa tatu asubuhi, wanakwenda moja kwa moja kwenye mnara mwekundu, wanapiga picha kwenye zile herufi kubwa za BE KOBE, na saa tano bado haijagonga wameshamaliza walichokuja kukiona. Kilichobaki ni kupanda kilima cha Kitano juani wakiwa na njaa, na hapo ndipo kundi linapoanza kununiana.

Nawashauri mgeuze safari: anzeni mlimani, mmalizie baharini. Mji wa Kobe umebanwa kati ya milima ya Rokko na ghuba ya Osaka, ni mwembamba na mrefu. Kutoka kwenye maporomoko ya maji hadi gatini ni kama kilomita tano kwa miguu ukihesabu na mizunguko ya njiani, na karibu njia yote ni mteremko. Mkianzia juu, asubuhi mnakuwa na nguvu ya ngazi na kivuli cha miti, mchana mko katikati ya mji penye chakula, na jioni mko kando ya maji wakati taa zinawaka. Hata anayechoka upesi atamaliza siku akiwa bado anacheka.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria wanafunzi wetu walioko Osaka, Kyoto na Kobe yenyewe, wanaokuja kwa mafunzo ya JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa (kituo cha JICA Kansai kiko hapo hapo Kobe), na yeyote mwenye wenzake na Jumamosi moja isiyo na kazi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Idadi kwanza. Watu wanne hadi sita ndio kipimo kizuri. Migahawa mingi ya Kobe ni midogo, meza za watu wanne, na mkifika kumi mtagawanywa au mtaambiwa hakuna nafasi. Kama mko wengi, jigaweni makundi mawili tangu asubuhi, kila kundi na kiongozi wake, mkutane bandarini jioni.

Halafu msimu. Aprili, Mei, mwisho wa Oktoba na Novemba ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Kuanzia Juni mapema hadi katikati ya Julai ni majira ya mvua, na ngazi za mlimani huteleza. Agosti ni joto la kunata, lile la Dar mwezi wa Januari, ila bila upepo wa bahari mpaka mfike gatini. Desemba na Januari kuna upepo unaoteremka kutoka Rokko, baridi yake inapenya hadi mifupani. Bebeni makoti hata kama Osaka kumeonekana shwari. Jumatatu iepukeni kama mnataka makumbusho, mengi hufungwa.

Pesa. Kila mtu aweke yeni 6,000 hivi: nauli ya kwenda na kurudi kama 800, treni ya chini ya ardhi 210, chakula cha mchana 1,200 hadi 1,800, kahawa 600, kiingilio cha sehemu moja kama 1,000, na chakula cha jioni. Mtu anayetaka nyama ya ng'ombe ya Kobe halisi ajipange na bajeti nyingine kabisa, nitaieleza mbele. Mchagueni mshika fedha mmoja, kila mtu amkabidhi yeni 2,000 asubuhi, na mfuko huo ulipie vitu vidogo vya pamoja: kahawa, vitafunio, viingilio. Jioni chenji inagawanywa. Mambo ya kusema "nitakurudishia" kwa kila chupa ya maji huharibu siku na wakati mwingine urafiki. Mgahawani, mkitaka kila mtu alipe chake, semeni "betsu-betsu". Baadhi ya sehemu ndogo zitakataa, ndiyo maana ni vizuri kuwa na noti za elfu moja moja mkononi.

Vaeni viatu vilivyokwishazoea miguu yenu. Bebeni mfuko wa takataka, kwa sababu mapipa ya taka mitaani ni adimu. Kitambaa cha kufutia mikono, kwa sababu vyoo vingi vya umma havina karatasi za kufutia mikono wala kikaushio. Na betri ya akiba ya simu. Mizigo mizito iacheni kwenye makabati ya kulipia pale Sannomiya, ila fahamuni kwamba jioni mtarudi kupitia kituo kingine. Ni bora kutobeba kabisa.

Treni, na majina yanayopoteza watu

Kutoka Osaka zipo kampuni tatu za reli zinazofika Sannomiya, ambako ndiko katikati ya Kobe: JR, Hankyu na Hanshin. JR ni ya haraka zaidi. Treni yake iitwayo shinkaisoku huchukua dakika 22 hivi. Ya Hankyu iitwayo tokkyu, kutoka Osaka-Umeda, ni kama dakika 27, nauli yake iko chini, yapata yeni 330. Kwa kundi napendelea Hankyu, kwa sababu safari inaanzia pale pale Umeda: mkisubiri treni inayofuata mnapata viti vya kukaa pamoja. Shinkaisoku na tokkyu hazina malipo ya ziada, nauli ni ile ile ya treni ya kawaida. Wanaotoka Kyoto wapande shinkaisoku moja kwa moja, kama dakika 50.

Msipande shinkansen, ile treni iendayo kasi. Inachukua dakika kumi na kitu kutoka Shin-Osaka hadi Shin-Kobe, lakini bei yake ni mara kadhaa ya hiyo, na muda mnaookoa mtaupoteza kwa kufika Shin-Osaka kwanza.

Sasa majina. Sannomiya ndiyo katikati ya mji. Kituo cha JR kinachoitwa Kobe tu kiko mbele yake, na hapo ndipo mtakapopandia kurudi jioni. Asubuhi msishukie hapo. Shin-Kobe ni kituo cha shinkansen kule chini ya mlima. Mkikubaliana na rafiki "tukutane kituo cha Kobe", mmoja atakwenda huku na mwingine kule, na nusu saa itakwisha kwenye simu. Andikeni kwenye kundi la WhatsApp jina kamili na upande wa kutokea.

Kila mtu awe na kadi yake ya kugusisha langoni. ICOCA huuzwa yeni 2,000, kati ya hizo 500 ni amana na 1,500 ni za kutumia. Kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili. Wenye Suica ya Tokyo wanaitumia hapa bila shida. Ndani ya behewa msiongee na simu, na sauti zenu zishusheni; watu sita wakicheka Kiswahili kwa sauti ya barazani husikika behewa zima.

Mkifika Sannomiya, badilini mwende treni ya chini ya ardhi, njia ya Seishin-Yamate, kituo kimoja tu hadi Shin-Kobe. Ni dakika mbili.

Jambo moja litakalowasaidia siku nzima: watu wa Kobe hawahangaiki na kaskazini na kusini, wanaelekezana kwa upande wa mlima na upande wa bahari. Mkipotea, inueni macho muutafute mlima. Ukiwa mgongoni kwenu, mnaelekea sawasawa.

Maporomoko ya Nunobiki: saa tatu na nusu asubuhi

Hili ndilo linalowashangaza wageni. Mnatoka kituo cha treni iendayo kasi, mnapita chini yake kuelekea upande wa mlima, na baada ya dakika chache hakuna mji tena, kuna msitu na sauti ya maji. Maporomoko yako manne. La kwanza mtakalolifikia ni Mentaki, dogo na la taratibu. Endeleeni na ngazi hadi Ontaki, lenye urefu wa mita 43. Kutoka kituoni hadi hapo ni kama robo saa, ngazi ni za mawe na nyingine ni ndefu, kwa hiyo mwenye mwendo wa polepole atangulie mbele na wengine wamfuate. Kundi likienda kwa mwendo wa aliye nyuma halipotezani.

Mkiwa na nguvu, pandeni zaidi hadi bwawa la Nunobiki, lililokamilika mwaka 1900. Ndilo bwawa la kwanza la zege la aina yake nchini Japani, na kuta zake za mawe zinaonekana kama ngome. Lilijengwa kuupatia mji maji, na maji hayo yalikuwa na sifa kubwa kwa mabaharia: ilisemwa kwamba maji yaliyopakiwa Kobe hayaharibiki hata meli ikivuka Ikweta. Kwa sisi habari hiyo si ya mbali. Kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha njia ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1920, na meli zilizotoka hapa zilifika Mombasa na bandari za kusini yake. Kwenda na kurudi hadi bwawani ongezeni dakika 40 hivi.

Kuna pia kigari cha kamba cha kupanda hadi bustani za mimea ya kunukia. Ni kizuri, lakini kinakula pesa na saa mbili za siku. Kama yupo mwenye magoti mabovu asiyeweza ngazi, kitumieni badala ya maporomoko. Vinginevyo kiacheni kwa safari nyingine.

Kitano: chagueni nyumba moja

Kutoka Shin-Kobe tembeeni dakika 15 kuelekea magharibi, mlima ukiwa mkono wa kulia. Mtaingia Kitano, mtaa wa nyumba walizojengewa wafanyabiashara wa kigeni baada ya bandari kufunguliwa mwaka 1868. Maarufu kuliko zote ni nyumba ya matofali mekundu yenye jogoo wa kuonyesha upepo juu ya paa, iliyojengwa mwaka 1909 kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani. Kabla ya kwenda angalieni kwenye mtandao kama iko wazi, kwa sababu nyumba hizi hufungwa kwa zamu kwa matengenezo.

Mtauziwa tiketi za mkupuo za nyumba tano au saba. Msinunue. Baada ya nyumba ya pili samani zote zinaanza kufanana, na fedha hizo zinatosha chakula cha mchana. Ingieni moja tu, mkae humo muda wa kutosha. Anayetaka kuonja hali ya nyumba hizo bila kiingilio akanywe kahawa kwenye Starbucks ya Kitano, ambayo iko ndani ya nyumba ya mbao ya mwaka 1907. Vyumba vimeachwa kama sebule, na ghorofa ya juu ndiyo yenye viti vizuri.

Pandeni pia ngazi za hekalu la Kitano Tenman. Ni bure, na ukigeuka nyuma ukiwa juu, mji wote uko chini yako na bahari mwisho wake. Waonyesheni wenzenu njia yote mtakayoteremka.

Msikiti wa Kobe

Hapa msipite kwa haraka. Mkishuka kutoka Kitano kuelekea baharini mtauona mtaa wa Nakayamate: minara miwili, kuba, na ukuta wa rangi ya mchanga katikati ya maghorofa ya kawaida. Ulifunguliwa mwaka 1935 na ndio msikiti wa kwanza Japani. Walioujenga ni wafanyabiashara Waislamu waliokuwa wakiishi Kobe, wengi wao Wahindi, pamoja na Watatari waliokimbilia huku kutoka Urusi. Mwaka 1945 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya mji, msikiti ukabaki umesimama. Mwaka 1995 tetemeko liliangusha majengo mengi ya mji, msikiti ukabaki tena.

Kama safari yenu ni ya Ijumaa, pangeni muwe mmeshuka maporomokoni mapema ili muwahi swala. Mtakutana na Waindonesia, Wapakistani, Waarabu, na mara nyingi Waafrika wenzetu. Asiye Mwislamu anaweza kutazama nje wakati wowote. Kuingia ndani ombeni ruhusa mlangoni, viatu vivuliwe, mabega na miguu vifunikwe, na msipige picha za watu wanaoswali.

Katika mitaa michache inayouzunguka kuna sinagogi, hekalu la Wajain la marumaru nyeupe, na ukishuka zaidi, hekalu la Kishinto la Ikuta. Bandari ndiyo iliyowaleta wote.

Chakula cha mchana, na tahadhari mbili

Kwa wanaokula halali, mkae karibu na msikiti. Migahawa ya Kihindi, Kipakistani na Kituruki ipo hapo, na maduka ya vyakula halali yanauza mchele mrefu, viungo na nyama ya mbuzi. Mwanafunzi anayekaa mbali na miji mikubwa anaweza kununua hapo viungo vya pilau vya miezi miwili.

Wengine watataka Nankinmachi, mtaa wa Wachina, mwendo wa dakika 15 kushuka. Unanukia vizuri na vibanda vimejaa pande zote, lakini Jumamosi na Jumapili kati ya saa sita na saa nane mchana hapapitiki. Nendeni saa tano na nusu au baada ya saa nane. Tahadhari ya kwanza: maandazi ya mvuke mnayoona watu wakiyapangia foleni ndefu yana nyama ya nguruwe. Yanaitwa butaman. Alama ya nguruwe ni 豚. Ipigeni picha, muiangalie kwenye kila kibao kabla ya kununua. Na msile huku mkitembea katikati ya umati. Simameni pembeni ya kibanda, mmalize, mrudishe taka hapo hapo.

Tahadhari ya pili ni nyama ya Kobe. Ng'ombe wake ni wa ukoo wa Tajima, waliozaliwa na kulishwa katika mkoa huu wa Hyogo, na si kila nyama laini ya Kijapani inayouzwa Kobe ni hiyo. Kibanda kinachouza mshikaki kwa yeni mia chache kinauza kitu kingine. Mgahawa wa kweli wataweza kuwaonyesha namba ya ng'ombe yenye tarakimu 10, na wale wenye kibali huweka sanamu ndogo ya ng'ombe ya rangi ya shaba mahali pa kuonekana. Bei ya mchana huwa nafuu kuliko ya usiku, lakini bado ni maelfu ya yeni kwa mtu mmoja. Kama wawili wanataka na wanne hawataki, tenganeni kwa saa moja na nusu mkutane Motomachi. Hakuna haja ya kumlazimisha mwenzenu alipie steki ambayo hakuipanga.

Motomachi na mtaa wa kale wa wageni

Hapa ni kutembea tu. Motomachi ni njia ndefu ya maduka iliyoezekwa, yenye zaidi ya kilomita moja. Mvua ikinyesha ndiyo kimbilio lenu. Mtaa wa tatu wake kuna duka la Hokodo, ambalo lilitangaza kahawa gazetini mwaka 1878, miongoni mwa maduka ya mwanzo kabisa kuuza kahawa Japani. Kwenye mikahawa ya mji huu tazameni orodha: mara nyingi mtakuta "Kilimanjaro". Ndivyo kahawa ya Tanzania inavyojulikana Japani, na Wajapani wanaipenda sana.

Upande wa bahari kuna mtaa wa kale wa wageni, barabara zilizopangwa mraba na majengo ya mabenki. Jengo namba 15 lilijengwa karibu mwaka 1880, likaporomoka katika tetemeko, kisha likajengwa upya kwa mbao na vifaa vyake vyenyewe vilivyookotwa kwenye kifusi. Lipiteni mkielekea gatini.

Bandarini: fikeni saa moja kabla ya jua kuzama

Juni jua linazama kama saa moja na robo jioni. Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja. Hesabuni nyuma kutoka hapo.

Mkiingia Meriken Park, bustani ya bandarini, nendeni kwanza kwenye kumbukumbu ya tetemeko, kabla ya picha na kelele. Alfajiri ya Januari 17, 1995, saa kumi na moja na dakika 46, ardhi ilitikisika na zaidi ya watu 6,400 walipoteza maisha. Kipande cha gati chenye urefu wa mita 60 kimeachwa kama kilivyokuwa siku ile. Mtaona mabamba ya zege yamevunjika na kuzama upande mmoja, maji ya bahari yanaingia na kutoka kwenye nyufa, na nguzo za taa zimeinama kila moja na upande wake. Vibao vinaeleza jinsi bandari, iliyokuwa miongoni mwa kubwa duniani, ilivyosimama, na jinsi ilivyojengwa upya kwa miaka miwili tu. Dakika 15 zinatosha, ila ziwe za utulivu.

Karibu yake kuna sanamu ya familia ya wahamiaji. Aprili 28, 1908 meli ya Kasato Maru iling'oa nanga hapa na Wajapani 781 waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya kahawa ya Brazili. Na kulikuwa na mizigo ya kuelekea kwetu pia: vitambaa. Kanga si chache walizovaa bibi zetu katika karne iliyopita zilichapwa Japani na kusafirishwa kwa meli hadi pwani yetu. Mkisimama gatini mnaitazama njia ile ile.

Baada ya hapo pigeni picha zenu. Herufi za BE KOBE ziliwekwa mwaka 2017, katika maadhimisho ya miaka 150 ya bandari. Kukiwa na foleni, mpeni simu aliye nyuma yenu awapige, nanyi mmpige yeye. Mnara wa bandari, wenye mita 108, ulifunguliwa mwaka 1963 na kufunguliwa tena mwaka 2024 baada ya ukarabati mkubwa. Kupanda ni kama yeni 1,000, zaidi kidogo mkitaka kutoka nje juu kabisa. Maoni yangu: ukiwa ndani ya mnara huuoni mnara. Vukeni kwa miguu hadi Harborland, eneo la maduka kando ya maji, kama dakika kumi na tano, mkae kwenye sakafu za mbao za jengo la Mosaic. Ni bure, na kutoka hapo mnauona mnara, meli na milima nyuma yake kwa pamoja. Taa za mnara zikiwaka ndipo mpige ile picha ya kundi.

Chakula cha jioni kipo Mosaic na jengo jirani la Umie, migahawa ya kila bei. Kwa wanaokula halali machaguo hapa ni machache. Nunueni sambusa au mkate wa mchana mkiwa bado karibu na msikiti, mle hapa mkitazama maji.

Kurudi

Msirudi Sannomiya. Kutoka Harborland kituo cha JR Kobe ni mwendo wa dakika chini ya kumi, njia tambarare, nyingine ya chini kwa chini. Pandeni shinkaisoku ya kuelekea Osaka, kama dakika 25, na wa Kyoto wabaki humo humo. Treni za mwisho huondoka karibu na saa sita usiku, lakini baada ya saa nne zinapungua na zile za haraka ndizo zinazokoma kwanza. Kwa hiyo saa tatu na nusu mshika fedha agawe chenji, kiongozi ahesabu watu, na yule mwenye betri iliyobaki afungue ratiba. Anayekaa mbali na kituo chake cha nyumbani aangalie basi lake la mwisho kabla hamjaagiza kinywaji kingine. Mabasi ya mitaani hulala mapema kuliko treni.